MMAREKANI ANAUZWA: Finjani ya Mama Mkwe

Mliniacha mvunguni. Wiki nzima ninyi mmekula, mmelala, mmekwenda harusini, na mimi mmeniacha chali chini ya gari la Kimarekani, katika bustani ya mbele ya nyumba yangu hapa Kenton, London, grisi imenijaa ndevuni, natazama jozi mbili za viatu.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya Bwana Kailash, mnunuzi. Vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa. Jozi ya pili ilikuwa mabuti ya kugaiwa, makubwa kuliko miguu iliyomo, kamba moja nyeusi na nyingine kahawia. Na juu ya mabuti hayo palikuwa na sauti niliyoisikia mara ya mwisho Kampala, mwaka sitini na mbili, ikiniambia nitoke gereji nisirudi tena.

Sauti ya Fundi Darshan Singh.

Kwa aliyeingia leo, au aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana, nitaeleza kosa langu kwa ufupi, maana hata halihitaji maneno mengi. Nina gari la kuuza. Mustang ya mwaka sitini na tano, injini ya silinda nane, nyekundu, rangi nimepaka mwenyewe. Askari wa anga wa Kimarekani aliligongesha, akalitupa katika banda la mkulima, akarudi kwao. Mimi nikaliokota. Nikalipigia nyundo, nikalipaka, nikalishonea viti, miaka miwili. Nikalibandika jina la Mmarekani. Na miaka yote hiyo miwili mke wangu Ummukulthum alikuwa akifungua pazia asubuhi anaona boneti, pale alipotaka kupanda waridi.

Wiki tatu nyuma alifunga begi lake akaenda kwa kaka yake Jaffar, Barking. Wala hakupiga kelele. Alisema siku gari litakapoondoka na yeye atarudi, na kama haliondoki nisimtume mtu.

Hapo ndipo nikaandika tangazo, nikalibandika katika dirisha la duka la Hemant, muuza magazeti wetu. Siku hizi mtaa umejaa watu waliofukuzwa Uganda, watu wanaojua gari zuri wakiliona, lakini wana hofu, na ni haki yao kuwa na hofu. Nilitaka waliamini gari langu. Nikakumbuka jina moja ambalo mtu yeyote wa Kampala akilisikia moyo wake hutua. Nikaandika chini ya tangazo, kwa wino mwekundu: "Limetengenezwa na Fundi Darshan Singh wa Kampala."

Nilijiambia Darshan Singh yuko maili elfu nne kutoka hapa, atajuaje? Nani atamwambia? Kichwa hiki, ambacho marehemu mama yangu alikuwa akikisifia kwa majirani, hakikufikiri jambo moja dogo. Kama Kampala nzima imehamia Kenton, na Darshan Singh naye ni mtu wa Kampala.

Na kabla hamjaanza kunihurumia, ngojeni mmalize. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, Jumamosi, nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia Ummukulthum. Nikamwambia gari limeshauzwa, limeshaondoka, bustani nyeupe, haina kitu. Mnunuzi hata hakuwa amefika. Nilihesabu kifaranga yai halijatagwa. Ummukulthum akasema vyema, atarudi alasiri.

Sasa ilikuwa saa nane mchana.

Bwana Kailash alifungua mlango wa kulia akaingia. Nilisikia viti vikilia, halafu mikono ikipapasa. Akatoa kichwa nje akamwambia mwenzake kwamba usukani umeibiwa. Darshan Singh akamjibu kwamba usukani uko upande wa pili, magari ya Marekani ndivyo yalivyo, ahame. Bwana Kailash akahama kwa heshima zake. Kwetu Unguja usukani uko kulia, Kampala kulia, London kulia. Kila aliyekuja kuliona gari hili alianza kwa kukaa pale akashika hewa.

Kisha mkono ukanikamata kifundo cha mguu. Nikavutwa kama gunia la nazi, mara moja tu, nikatokea juani. Ndivyo alivyokuwa akiwatoa wanagenzi wake wakilala mvunguni.

Alikuwa amekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Koti la kugaiwa, refu, kifungo kimoja hakipo. Kilemba tu ndicho kilikuwa kile kile, kimefungwa sawasawa. Alitazama mikono yangu kwanza, halafu uso.

"Abdulsamad," akasema. "Yule wa kikombe."

Miaka kumi na moja, na mtu amekumbuka. Sijui kama mliwahi kukumbukwa kwa jambo mnalotaka lisahaulike, lakini mimi nilitamani nirudi mvunguni.

Mambo ya kikombe ni haya. Katika gereji ya Darshan Singh gari halikutoka bila chai. Injini ikishafungwa, yeye hujaza kikombe chai mpaka juu kabisa, akakiweka juu ya injini, akawasha. Tone moja likimwagika, fundi aliyelitengeneza anakunywa chai hiyo ikiwa baridi, mbele ya wenzake, na anafungua injini upya. Lisipomwagika, kuna mtihani wa pili. Anafunga boneti kikombe kikiwa ndani, anazunguka kilima kizima, anarudi, mwenye gari anafungua boneti kwa mkono wake mwenyewe. Chai ikiwa imo, mwenye gari anainywa. Hapo ndipo ufunguo unakabidhiwa. Watu walikuwa wakitoka Jinja kuja kunywa chai ile.

Mimi nilifanya kazi kwake miezi minane. Siku niliyopewa injini yangu ya kwanza, kikombe changu hakikumwaga tone. Kilianguka chote, kikavunjika, kikamwunguza mteja, na mteja alikuwa hakimu. Darshan Singh akaniambia mikono yangu ni ya kuandika barua. Nikaenda zangu. Na kweli, leo naandika barua za ofisi ya bima hapa London, kutwa, na kila nikimaliza barua nzuri humkumbuka na kukasirika.

Bwana Kailash alikuwa na furaha zake. Alieleza, kwa Kiswahili kile cha Kampala, kwamba aliona tangazo, akakimbia mpaka nyumba ya mpwa wa Fundi, mtaa wa pili, anakokaa mzee tangu atoke kambi ya wakimbizi. Akamwuliza kwa nini anaficha kwamba ameanza kazi tena. Fundi akavaa koti lake akamfuata.

"Na mimi nilitaka kuona kazi yangu," akasema Darshan Singh.

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alizunguka gari. Alipitisha kidole juu ya rangi, akakitazama kidole. Alifunga mlango akausikiliza ulivyofunga. Bwana Kailash alimfuata nyuma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Na mimi, mpenzi msomaji, mimi mwenye akili zangu, nikaanza kutumaini. Nikasema moyoni huenda mzee akanihifadhi. Huenda akasema ndiyo, kazi yangu, mambo yakaisha, Ummukulthum akakuta bustani nyeupe.

Akasema, "Lete chai."

Nikaingia jikoni. Mwanamume aliyeachwa wiki tatu jikoni kwake hapaelezeki. Vikombe vyote vilikuwa katika sinki, na vingine vilikuwa vimeshaota ukungu. Vilivyokuwa safi havikuwa vikombe. Kabatini, nyuma ya kioo, zilikaa finjani sita za kahawa, nyeupe, zenye ukingo wa dhahabu. Mama mkwe alizitoa Unguja kwenye kapu la nguo, mwaka ule tulioondoka, wakati wengine walibeba dhahabu. Alimpa Ummukulthum wakati yeye mama yuko kitandani hajiwezi. Hazinywewi. Zinatazamwa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuzigusa, nilikatazwa siku ya pili ya ndoa.

Nikachukua moja. Nilijiambia ni dakika mbili tu.

Bwana Kailash alikwisha kufungua boneti. Injini ilikuwa inang'aa, hilo siwezi kujinyima. Darshan Singh akapokea finjani, akaitazama, akanitazama mimi, na nadhani alitaka kuuliza kitu. Akaiweka nyuma ya kichujio cha hewa, mahali palipobonyea, ikakaa vizuri. Akaniambia niwashe.

Nikawasha. Mmarekani akanguruma mpaka dirisha la jirani likatetema.

Miaka miwili nilikuwa nikijisifia mngurumo huo. Kila mtu aliyeniuliza kwa nini gari linatikisika nilimwambia ni nguvu, silinda nane si mchezo, Wamarekani ndivyo walivyo. Na wenyewe wakakubali, maana hawakuwa mafundi, kama mimi tu.

Finjani ilianza kwa kutetemeka. Kisha ikageuka, mkono wake ukanielekea mimi. Kisha ikaanza kutembea. Ilitembea pole pole mpaka ukingoni, ikasimama kidogo, ikaruka.

Darshan Singh akaidaka hewani. Chai yote ikamwingia kwenye mkono wa koti. Finjani ilikuwa nzima kiganjani mwake. Akaashiria nizime.

"Kailash," akasema, "hii si kazi yangu. Sijaona gari hili mpaka leo."

Bwana Kailash alichukua muda kuelewa. Halafu akageuka kunitazama, na kile nilichokiogopa, kwamba atanitukana, hakikutokea. Alichukua kofia yake juu ya kiti. Aliniambia kwamba ana watoto watatu ambao angewapakia humo. Akatoka getini akaenda zake kwa miguu, mtaa wa pili, viatu vyake vinang'aa.

Nikaanza kujitetea. Nilisema sikudhani, nilisema ilikuwa namna ya kumsifu, nilisema mengi ambayo leo siwezi kuyaandika bila kujifunika uso. Darshan Singh aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Pale njia ya uwanja wa ndege," akasema, "askari walichukua saa yangu. Walichukua pete ya mke wangu. Spana zangu nilikuwa nimeziacha gereji, na ufunguo nimewapa. Jina hawakuchukua, kwa sababu hawakuliona." Alikuwa akikamua mkono wa koti lake, chai inadondoka. "Wewe uliliona. Ukalitundika dirishani."

Niliona haya. Hakuna neno jingine, na sitalitafuta. Nimewahi kuona haya mbele ya baba yangu na mbele ya mwalimu, lakini hii ilikuwa haya ya kutamani ngozi nyingine. Nikamwomba radhi. Nilikaa chini kabisa, kwenye nyasi, pale ambapo pangekuwa na waridi.

Nilimngoja aondoke, lakini mabuti yale yalibaki pale pale.

Nikainua macho. Alikuwa amesimama mbele ya injini, kichwa upande, kama mtu anayesikia mtoto akilia nyumba ya pili. Akaniambia niwashe tena. Nikamwuliza ya nini, mnunuzi ameshakwenda. Akasema hawezi kurudi nyumbani akaacha injini inalia hivyo, hatalala.

Akavua koti. Akaomba bisibisi ndefu. Alitia ncha yake kwenye chuma cha injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, akahama silinda moja hadi nyingine. Nilijua namna hiyo, niliiona kila siku kwa miezi minane. Alipofika ya tano akakunja uso. Ya sita, akacheka.

Mlijua mambo haya? Waya mbili za plagi nilizipishanisha. Ya tano niliipa ya sita na ya sita nikaipa ya tano. Miaka miwili. Silinda mbili zilikuwa zinapigana na wenzao, na mimi nawaambia watu ndiyo nguvu ya Marekani. Mke amenikimbia kwa sababu ya waya mbili zenye urefu wa mkono wangu.

Alizibadilisha kwa muda wa kuhesabu kumi. Lakini hakuishia hapo. Alisafisha hiki, akakaza kile, akageuza kingine nukta moja mbele na nukta nusu nyuma. Tulipokuwa tukifanya kazi akanieleza kwamba tangu afike amekwenda gereji saba. Zote zilimwuliza cheti. Hana cheti, cheti chake kilikuwa Kampala yote. Sasa anafagia kiwanda cha biskuti, usiku hadi asubuhi, na ni miezi mitano hajashika spana. Alisema hayo bila kuinua kichwa, grisi imemfika viwiko, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa chakula baada ya njaa.

Nililia kidogo. Nikasingizia petroli.

"Chai," akasema.

Nikaijaza finjani ile ile, mpaka juu, mpaka chai ikatuna. Akaiweka pale pale. Nikawasha.

Mmarekani hakunguruma. Alikoroma taratibu, sauti nene, ya chini, sawasawa, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikia gari nililolimiliki miaka miwili. Chai haikutikisika. Niliinama nikaona uso wangu ndani yake, na ndevu, na grisi, na mawingu ya Kenton juu ya kichwa changu.

Darshan Singh hakutabasamu. Alisema huo ni mtihani wa kwanza, sasa ni kuzunguka. Atapita kwa Kailash, atamwambia apande, watazunguka barabara kubwa mpaka kituo cha treni na kurudi, na Kailash atafungua boneti kwa mkono wake hapa hapa. Sasa, akasema, tangazo lako si uongo tena, tutaona kama ataliamini. Akalivaa koti lake lenye madoa. Na akaongeza jambo moja, akinielekezea bisibisi.

"Uongo mwingine sitaki kusikia."

Nikaapa. Wallahi niliapa, mkono kifuani. Na kabla mkono huo haujashuka geti likalia.

Ummukulthum. Begi mkononi, baibui chini ya koti la baridi, uso umechoka na treni mbili. Alisimama getini akalitazama gari, jekundu, linakoroma, katika bustani niliyomwambia imekuwa nyeupe tangu asubuhi. Hakunisalimu. Alimsalimu mzee kwa adabu, halafu akaniuliza.

"Umesema limeondoka."

Nilikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la kweli. Ulimi wangu, kama kawaida yake, ukachukua la pili.

"Ndiyo linaondoka," nikasema. "Huyu ndiye aliyelinunua. Amekuja kulichukua sasa hivi."

Darshan Singh alinitazama. Mnakumbuka nilisema alikumbuka kikombe miaka kumi na moja? Macho haya niliyopewa sasa, mimi ndiye nitakayeyakumbuka. Hakukubali, hakukanusha. Akanyoosha mkono, akashusha boneti pole pole, finjani ikiwa ndani. Boneti ya gari hili ina nundu katikati, na finjani ilikaa chini ya nundu kana kwamba zilipimiana. Akazunguka mpaka mlango wa kushoto, bila kukosea. Akamwinamia mke wangu kidogo, akaingia, akaondoka.

Kulikuwa na mstatili wa udongo mweusi pale gari lilipokuwa, na minyoo, na tofali nne. Ummukulthum akasimama hapo. Akasema alhamdulillahi, kwa sauti ndogo, na akanigusa bega. Nilimpokea begi nikaliweka ukumbini. Nilifanya haraka nisitazamwe usoni, na yeye akadhani ni mapenzi.

Akapita jikoni. Nilimsikia akisema loh, nikajua ameona sinki. Nikasikia maji. Nikasikia kabati.

Alipotokea sebuleni alikuwa na sinia. Juu ya sinia zilikuwapo finjani tano.

Nilisubiri aulize. Badala yake aliketi, akaweka sinia mapajani. Akaniambia kule Barking amefikiri sana, na kuna jambo nilielewe. Si gari.

"Gari ningelivumilia," akasema. "Wengine waume zao wana wake wa pili, wangu ana bati. Nililochoka nalo ni kesho. Kesho litaondoka, keshokutwa linapakwa, mtondo linakuja kutazamwa. Nilikuwa naamka sijui lipi la kweli katika nyumba yangu mwenyewe, Abdulsamad. Leo umenipigia simu, umesema limeondoka, na nimelikuta. Lakini umesema huyu mzee kalinunua, na nimemwona kwa macho yangu akilichukua. Nimefurahi. Sasa niambie ile ya sita iko wapi, na useme kweli tu."

Nikafungua mdomo. Na nje, mbali, nikaisikia. Sauti nene, ya chini, sawasawa.

Alirudi. Bila shaka alirudi, mtihani ni kwenda na kurudi.

Ummukulthum aligeuka dirishani. Akauliza yule mzee niliyemwuzia anarudi kufanya nini, na huyo bwana wa kofia pembeni yake ni nani. Bwana Kailash alikuwa ameketi kulia, mikono mapajani, safari hii hatafuti usukani.

Kutoka kona mpaka getini kwetu ni nyumba sita. Uongo wangu ulikuwa wa mara tatu. Nikapiga hesabu, nyumba mbili kwa kila mmoja, nikaanza kuukiri.

Nilisema wa dirisha la Hemant. Nilisema wa simu ya asubuhi, kwamba nilipopiga hakukuwa na mnunuzi wala kivuli chake. Nilisema wa getini, kwamba mzee yule hajanunua kitu, hana hata nauli ya basi, ni fundi wangu wa zamani, na nimelitumia jina lake kama mwizi, na yeye akanitengenezea gari. Nilisema anayeweza kununua ni yule wa kofia, akiipata chai nzima. Na kwa kuwa gari lilikuwa limeshafika na bado nilikuwa na pumzi, nikasema na finjani iko wapi.

Hapo ndipo alipobadilika uso. Sikuwahi kumwona hivyo, na nimemuudhi mara nyingi, kwa ujuzi.

Aliweka sinia mezani. Hakupiga kelele, yeye hapigi. Alikwenda ukumbini, akaliinua begi lake lililokuwa bado limefungwa, akatoka nalo. Nikamfuata na soksi tu miguuni.

Bwana Kailash alikuwa ameshashuka, ameshika ukingo wa boneti, yuko tayari kuifungua kama mila ya Kampala inavyotaka. Ummukulthum akamwomba radhi, akamwambia asogee. Akasimama mbele ya Mmarekani, begi katika mkono wa kushoto. Kulia kwake lilikuwa geti, na mbele ya geti njia ya kwenda kituoni.

Akamtazama Darshan Singh.

"Baba," akasema, "hiyo finjani ni ya mama yangu. Ikiwa imevunjika, mimi narudi Barking na simjui mtu hapa. Ikiwa nzima, nitakunywa hiyo chai, halafu huyu mume wangu nitamsikiliza tena tangu mwanzo. Wewe unasemaje?"

Fundi Darshan Singh, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo Kampala wala London, alitazama boneti, akatazama begi, akanitazama mimi.

"Pale kwenye kona," akasema, "kulikuwa na shimo."

Ummukulthum akaweka mkono juu ya nundu, pale pale penye joto.

"Fungua," akamwambia.